Hesabu Iliyoihukumu Friza ya Bi Saumu

Naoga maji ya moto.

Haya, nimesema. Ninakaa Nguvumali, hapa Tanga, huu ni mwezi wa pili, kuku wenyewe wanatembea midomo wazi kwa joto, na mimi kila asubuhi na kila jioni ninaoga maji ya moto. Nimelikana jambo hili miaka miwili mizima. Nimelikana mbele ya majirani, mbele ya mwenye nyumba, na mara moja mbele ya mchungaji (aliuliza kwa nia njema tu kama mtu wa Lushoto ameshazoea maji ya pwani. Nikamjibu nimeshazoea. Mungu anisamehe). Leo nakiri kwa sababu hakuna tena wa kumficha. Wote wameona. Mmoja ameichungulia ndoo hadi miwani yake ikaingia ukungu.

Ngoja nieleze tangu mwanzo.

Nyumba yetu ina wapangaji watatu na mita moja ya umeme. Aliyewahi kuishi maisha ya mita moja hahitaji maelezo. Asiyewahi, ashukuru. Luku tunanunua kwa zamu, na uniti zikiisha kabla ya siku zake tunakaa kikao barazani kumtafuta mlaji. Kwetu mlaji hatafutwi kwa makelele. Anatafutwa kwa kahawa na kashata, kwa sauti ya chini, huku kila mmoja ameshamtaja moyoni mwake.

Wapangaji wenyewe ndio hawa. Mama Sofia, Mbondei wa Muheza, fundi cherehani, mwenye pasi. Bi Saumu, mjane wa Kipemba, mwenye friza anayogandishia barafu za ukwaju. Na mimi, Mama Neema, mwandishi wa makala, mwenye shahada ya chuo kikuu, redio, taa ya mezani na (kwa maelezo yangu ya miaka yote hiyo) basi.

Mwenye nyumba ni Mzee Kibwana, anakaa Pongwe. Siku ya kuhamia alinipa karatasi ya masharti. La tatu lilisema: hita ya maji marufuku. Nikatia sahihi. Hita ilikuwa ndani ya begi nililolikalia.

Hita yenyewe ni kidude tu. Koili ya chuma yenye mpini, unaizamisha kwenye ndoo, unachomeka, unasubiri. Ninaipenda. Nimekulia mahali ambapo maji ya asubuhi yanauma kama siafu, na mama yangu alituapisha kwamba mtu mwenye akili haogi baridi. Nilishuka pwani na kiapo changu. Nilianza na ndoo ya kuogea. Halafu ya kuoshea vyombo, maana mafuta hayatoki kwa maji baridi. Halafu ya mashuka. Majirani walipouliza mbona dirisha la bafu langu linatoa moshi, nilisema ni unyevu wa bahari.

Wakanielewa! Ndivyo shahada inavyomharibu mtu. Anaaminiwa hata akisema upuuzi.

Basi katika miaka hiyo miwili uniti zilipoisha mapema tulilaumu pasi ya Mama Sofia. Ikapunguziwa siku. Uniti hazikuongezeka. Tukalaumu televisheni ya bwana aliyekuwa akikaa chumba cha Bi Saumu kabla yake. Yule bwana akachukia, akahama na televisheni yake. Uniti hazikuongezeka. Kisha akaja Bi Saumu na friza, na sote tukapumua. Friza! Kitu kikubwa, cheupe, kinanguruma usiku na mchana. Hata ungekuwa wewe ungeituhumu.

Wiki hii uniti za zamu ya Mama Sofia zilikwisha kabla ya nusu ya siku zake. Akampigia Mzee Kibwana. Mzee akasema kwa upole wake ule wa kutisha: "Jumamosi kaeni, mtafute kinachokula. Adhuhuri nipigieni mniambie ni kipi. Kitakachotajwa kitoke ndani ya nyumba yangu siku hiyo hiyo. Na anayepiga awe Mama Neema, msomi."

Jumamosi ni leo.

Sasa fahamuni kwamba friza ile si ya kupozea maji ya kunywa. Barafu za Bi Saumu ndizo zinazomlisha yeye na mjukuu wake. Ikitoka friza, na yeye atoke, kwa sababu hana kipato kingine cha kulipia chumba. Alilijua hilo. Sote tulilijua. Jana jioni nilimsikia ukutani akiomba dua ndefu kuliko kawaida.

Asubuhi niliamka na kujiambia: leo ni siku ya kufikiri, lazima nioge vizuri. Nikajaza ndoo nusu. Nikazamisha hita. Nikachomeka. Umeme ukakatika mtaa mzima.

Nikasubiri. Haukurudi. Nikaitoa ndoo nyingine iliyokuwa pembeni, nikajimwagia maji ya bomba kama yalivyo. (Jamani. Sitaki kulizungumzia. Nilipiga ukelele, Mama Sofia akauliza kupitia dirisha kama kuna nyoka.) Nikavaa, nikachukua daftari na kalamu, nikatoka.

Hita nikaiacha ndani ya ndoo. Imechomekwa. Swichi imewashwa. Kumbukeni ninyi, maana mimi sikukumbuka.

Saa nne tukawa barazani. Umeme bado. Mama Sofia alimimina kahawa. Bi Saumu alikaa ukingoni mwa mkeka, mikono mapajani, kama mtu aliyepelekwa kuposwa asikotaka.

"Leo hatutakisia," nikasema. "Leo tutapiga hesabu."

Nilikuwa nimejiandaa. Usiku nilikumbuka fizikia ya kidato cha pili, au niseme nilikumbuka nusu yake, na nusu ya elimu ndiyo inayotembea kwa kujiamini. Nyuma ya kila kifaa kuna kibandiko. Kinataja volti, yaani msukumo wa umeme, na ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita. Ukigawa volti kwa ampea unapata ukinzani, kipimo chake omu. Ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu, kipimo chake wati. Niliandika kanuni zote mbili juu ya ukurasa, nikazipigia mstari. Ya kwanza ndiyo iliyonivutia. Neno ukinzani lina heshima. Wati kila mtu anazijua, zimeandikwa hata kwenye balbu.

Tukaanza na pasi. Mama Sofia akaigeuza, akasoma: "Volti mia mbili arobaini. Ampea tano."

"Mia mbili arobaini gawa kwa tano. Omu arobaini na nane."

"Ndiyo nyingi hizo?"

"Subiri."

Tukaenda kwenye friza. Bi Saumu mwenyewe aliinama nyuma yake na tochi ya simu. "Volti hizo hizo. Ampea... sifuri nukta tano. Nusu."

Mia mbili arobaini gawa kwa nusu. Nikapiga mara mbili nisije nikamdhulumu mtu. Omu mia nne themanini.

Nilishusha kalamu polepole, kama daktari.

Na hapa nitawaambia siri ya pili. Usiku ule ule, mlango nimeufunga, nilikuwa nimeshaipigia hesabu hita yangu. Volti mia mbili arobaini, ampea kumi. Omu ishirini na nne tu! Ishirini na nne mbele ya mia nne themanini! Nililala usingizi wa mtu asiye na dhambi.

"Jamani," nikasema, "sayansi haina upendeleo. Ukinzani ni ubishi. Kifaa chenye ukinzani mkubwa kinabishana sana na umeme. Kikibishana sana, kinakula sana. Ni kama mtoto mbishi wa kuoga, si ndiye anayemaliza maji? Pasi ni arobaini na nane. Friza ni mia nne themanini. Mara kumi!"

"Ehee!" Mama Sofia akapiga paja. "Miaka mnaisingizia pasi yangu! Arobaini na nane tu, maskini ya Mungu, kitu cha watu."

"Pasi haina hatia," nikatamka.

Bi Saumu alirekebisha miwani yake puani. Alilitazama daftari kwa muda. Yeye madrasa ndiyo shule yake, lakini ameuza karafuu, ameuza samaki, hajawahi kupunjwa na mtu mwenye daftari.

"Mama Neema, mwanangu," akasema, "na taa ya msalani nipigie."

"Taa ya msalani ya nini, bibi? Ni balbu."

"Nipigie tu. Miye nataka kuona sayansi isiyokuwa na upendeleo."

Mama Sofia akaenda kuifungua, akaileta. Ilikuwa imeandikwa ampea sifuri nukta sifuri nne. Nikagawa. Nikalifunika jibu kwa kiganja.

"Ngapi?" akauliza Bi Saumu.

"Hesabu hii ina mambo yake..."

"Ngapi, mwanangu?"

"Omu elfu sita."

Kisha Mama Sofia akaanza kutikisika mabega. Bi Saumu hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Kwa hivyo friza yangu mia nne themanini," akasema, "na kibalbu hiki elfu sita. Basi anayetumaliza ni taa ya msalani. Tumpigie Mzee tumwambie ndiyo itoke? Tutakuwa tunakwenda kwa kupapasa, lakini uniti zitajaa."

"Bi Saumu, kuna nadharia na kuna vitendo."

"Haya. Nadharia nimeiona."

Nikafungua mdomo nijitetee, na hapo hapo umeme ukarudi. Redio yangu ikaanza kupiga taarabu chumbani, friza ikatetema na kunguruma, watoto wa nyumba ya jirani wakapiga kelele za furaha. Nilijua Mungu hamtupi mja wake! Nikafunga daftari.

"Basi tumalizie hapo. Nitampigia Mzee, nitamwambia kikao kimeona friza..."

"Ngoja kwanza," akasema Mama Sofia. Alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Ile taa nyekundu ya kwenye mita. Si inakonyeza kadri umeme unavyoliwa? Tuitazameni. Tuchomoe kimoja kimoja. Ikipunguza kukonyeza, ndiye."

Wazo lilikuwa zuri kiasi kwamba lilinikera. Mita iko juu ya mlango wa Mama Sofia. Tukasimama chini yake watatu, shingo juu, kama watu wanaotafuta mwezi wa Ramadhani.

Taa ilikuwa inakonyeza mbio. Kony-kony-kony. Huwezi kumeza mate kati ya moja na nyingine.

"Mnaona!" nikasema. "Mnaona friza inavyokula?"

Bi Saumu alinitazama, akaingia ndani. Tukasikia plagi ikichomolewa. Mngurumo ukafa. Akatoka akiwa ameishika ile plagi na waya wake urefu wote uliofika, akasimama kizingitini nao kama mtu aliyemshika kuku shingo.

Kony-kony-kony. Vile vile.

"Labda inachelewa," nikasema.

Tukasubiri. Haikuchelewa kitu. Mama Sofia akazima feni yake. Akachomoa chaji ya simu. Pasi ilikuwa mkekani pamoja nasi, waya wake umeviringishwa, ina ushahidi kamili kwamba haikuwepo. Kony-kony-kony.

"Mama Neema, kwako?"

"Kwangu kuna redio tu." Nikaenda, nikaizima, nikarudi kwa madaha. "Haya. Kwangu hakuna kitu."

Kony-kony-kony.

Sote watatu tukaitazama taa. Wote wawili wakanitazama mimi. Na mimi, ndugu zangu, ndipo nilipokumbuka. Nilihisi kumbukumbu ikipanda kutoka nyayoni. Ndoo. Mpini. Swichi.

"Ngojeni nikaangalie vizuri," nikasema, na nadhani nilitembea haraka mno kwa mtu anayekwenda kuangalia kitu kisichokuwepo, kwa sababu walinifuata. Wakafika mlangoni pamoja nami. Mlango wa bafu ulikuwa wazi. Ndoo ilikuwa inaimba. Si mfano, inaimba kweli, ule mluzi mwembamba wa maji yanayojiandaa kuchemka, na mvuke umejaa hadi kwenye kioo, na katikati ya mvuke ule mpini wa hita yangu umesimama wima kama mgeni rasmi.

Nikanyoosha mkono.

"Usiguse maji!" akapiga kelele Mama Sofia. "Chomoa kwanza, mwanamke!"

Nikachomoa. Bi Saumu akainama juu ya ndoo. Miwani yake ikawa nyeupe pe. Akaivua, akaifuta na ncha ya mtandio bila haraka yoyote.

"Kumbe unyevu wa bahari huwa unatiwa kwenye ndoo," akasema.

Mama Sofia alikuwa ameshakaa kitako kwenye kizingiti. Hakuweza kusimama. "Tanga!" alikuwa anasema kila akipata pumzi. "Mwezi wa pili! Watu wanalala juu ya sakafu! Maji ya moto!" Kisha akakumbuka jambo, kicheko kikamkatika. "Na yule bwana wa televisheni?"

Nikaanza kuviringisha waya wa hita.

Tukarudi mkekani. Bi Saumu akalisogeza daftari mbele yangu, akaweka kidole juu ya kanuni ya pili, ile niliyoipigia mstari na kuiacha.

"Na hii ilikuwa ya nini?"

"Ya wati. Nguvu."

"Ipige."

Nikaipiga. Volti mara ampea. Friza: mia mbili arobaini mara nusu, wati mia moja na ishirini. Pasi: wati elfu moja na mia mbili. Mama Sofia akaacha kutabasamu. Hita: mia mbili arobaini mara kumi.

"Soma kwa sauti."

"Wati elfu mbili na mia nne."

"Sawa na friza zangu ngapi?"

"Ishirini, bibi."

Ishirini! Na ndipo fizikia ile nusu iliyopotea ikanirudia, imechelewa kama kawaida yake. Volti ni zile zile kwa vifaa vyote. Kwa hiyo kifaa chenye ukinzani mdogo ndicho kinachouachia umeme upite mwingi. Ukinzani si ulafi. Ukinzani ni kujizuia! Friza ya Bi Saumu, kwa omu zake mia nne themanini, ilikuwa imejizuia kama mtu aliyefunga Ramadhani. Hita yangu, kwa ishirini na nne, ilikuwa imeacha mlango wazi. Nikapiga na muda pia, maana sasa nilikuwa nimeshazama. Friza hata ingenguruma saa ishirini na nne bila kupumzika haifiki uniti tatu. Hita, kwa ndoo zangu za kuogea, vyombo na mashuka, saa moja na nusu kwa siku, inapita tatu na nusu. Miaka miwili nimewatafutia watu makosa nikiwa nimeyazamisha ndooni.

"Bi Saumu," nikasema, "unisamehe."

"Miye nishakusamehe, mwanangu. Lakini adhuhuri imefika."

Akanisogezea simu. Yangu mwenyewe, ilikuwa juu ya mkeka. Mama Sofia akaibonyeza sauti kubwa kabla sijaomba faragha.

Nikapiga. Ikaita mara mbili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Neema. Haya, msomi wangu. Mmempata?"

"Tumempata, Mzee."

"Ni friza?"

Bi Saumu alikuwa anatazama sakafu. Bado alikuwa na hofu, mnaelewa? Hesabu zote zile, ndoo yote ile, na bado aliogopa kwamba msomi atasema neno jingine kwenye simu na litaaminiwa. Hilo limeniuma kuliko aibu yenyewe.

"Si friza, Mzee. Friza haina kosa lolote. Ni hita ya maji."

"Hita! Si niliandika kwenye masharti? Ya nani?"

"Uliandika. Sharti la tatu. Ni yangu."

Upande wa pili nilimsikia jogoo wa Pongwe.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipohamia."

"Kwa hiyo yule bwana na televisheni yake..."

"Alihukumiwa bure, Mzee."

Akavuta pumzi ndefu. "Nipe Bi Saumu." Bi Saumu akaisogelea simu. "Bi Saumu, friza ibaki. Asikuguse mtu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee. Mungu akuzidishie." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akajifunika uso kwa mtandio, na mimi na Mama Sofia tukatazama pembeni.

"Mama Neema."

"Naam, Mzee."

"Hita hiyo haitalala nyumbani kwangu. Saa kumi nakuja kuichukua mwenyewe."

"Ni haki yako, Mzee. Utaitupa?"

"Niitupe!" Akakohoa. Akashusha sauti, hajui kwamba amewekwa hadharani. "Huku nina mita yangu peke yangu. Na magoti haya, mama, maji ya asubuhi yananiua. Nieleze tu, ndoo nzima huwa unaiweka muda gani?"

"Dakika kumi na tano, Mzee," nikamjibu, na hiyo ndiyo hesabu pekee niliyoipata sahihi leo mara ya kwanza.